Mito ya Wales kwa rangi za maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha ya mto uliotulia inawezaje kuhesabiwa kuwa picha ya vita?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu anayesimama mbele ya picha ya aina hii, na ni swali la haki. Haoni askari, kifaru wala moshi. Anachokiona ni daraja la mawe, maji ya rangi ya chai yanayopita juu ya kokoto, kondoo wachache malishoni, nyumba ya shamba iliyopakwa chokaa, na nyuma yake mlima ambao nusu yake imemezwa na mawingu. Jibu limo katika tarehe iliyoandikwa kwa penseli pembeni, na katika sababu iliyomfanya mchoraji atumwe kwenye bonde lile.

Vita vilipotangazwa mwezi wa Septemba mwaka 1939, watu wengi nchini Uingereza waliamini kwamba ndege za Ujerumani zingeivunja nchi yao kwa majuma machache, na kwamba huenda majeshi ya kigeni yangeshuka pwani. Walikuwa na hofu nyingine pia, ya zamani kidogo: kwamba hata bila bomu lolote, mashamba, viwanda, barabara na kambi za jeshi vingebadilisha sura ya nchi isijulikane tena. Katika hali hiyo, kumtuma mtu akachore mto ilikuwa ni kuandika wasia wa kitu ambacho bado kinaishi. Mimi huziangalia picha hizi kama hati, na huona kwamba utulivu wake ndio ushahidi wenyewe: mchoraji alijua kwamba kile alichokuwa akikitazama kingeweza kutoweka.

Nani aliwatuma wachoraji hao, na nani aliwalipa?

Picha nyingi za aina hii zilitokana na mradi ulioitwa Recording Britain, uliokusudia kuweka kumbukumbu ya sura ya nchi kwa michoro. Mwanzilishi wake alikuwa Kenneth Clark, mkurugenzi wa National Gallery, jumba la picha la taifa mjini London. Clark alikuwa na shabaha tatu kwa pamoja: kuweka kumbukumbu ya mahali palipokuwa hatarini, kuwapa kazi wachoraji ambao vita viliwanyima wanunuzi na nafasi za kufundisha, na kuulinda ufundi wa rangi za maji ambao aliuona kuwa fahari ya nchi. Wizara ya Kazi iliusimamia, na fedha zikatoka Pilgrim Trust, mfuko wa hisani ulioanzishwa mwaka 1930 na tajiri wa Marekani, Edward Harkness.

Msomaji anayejali habari za Wales anapaswa kulikumbuka jina la katibu wa mfuko huo, Thomas Jones. Alizaliwa Rhymney, katika mabonde ya makaa ya mawe kusini mwa Wales, akapanda hadi kuwa naibu katibu wa Baraza la Mawaziri mjini London. (Asichanganywe na mchoraji wa karne ya 18 mwenye jina hilohilo, ambaye naye alikuwa Mwelisi.) Kufikia mwisho wa mradi mwaka 1943, wachoraji wapatao mia moja walikuwa wametoa michoro zaidi ya 1,500. Sehemu kubwa ilikuwa ya England, na Wales ikapata fungu dogo zaidi.

Je, hawa ndio wale wanaoitwa wachoraji wa vita?

Hapana, ingawa baadhi walifanya kazi zote mbili. Wachoraji rasmi wa vita walikuwa chini ya kamati nyingine, ambayo Clark aliiongoza pia, nao walichora meli, viwanda vya silaha, hospitali na miji iliyopigwa mabomu. Graham Sutherland, aliyeipenda Pembrokeshire na kuichora tangu mwaka 1934, alipelekwa Swansea kuchora majengo yaliyobomolewa. Wachoraji wa Recording Britain walielekezwa upande wa pili, kwenye kile ambacho bado kilikuwa kimesimama.

Kwa nini rangi za maji na si rangi za mafuta, au kamera tu?

Sababu ya kwanza ni ya mkononi kabisa. Sanduku la rangi za maji huingia mfukoni, karatasi hubebwa kwapani, na maji huchotwa mtoni penyewe. Petroli iligawiwa kwa kipimo tangu Septemba 1939, kwa hiyo mchoraji alisafiri kwa treni, kwa basi, kwa baiskeli na kwa miguu. Turubai, stendi na chupa za mafuta zingekuwa mzigo wa bure.

Sababu ya pili ni historia, na hapa Wales inasimama mbele. Mwaka 1771 mchoraji Paul Sandby alizunguka kaskazini mwa Wales pamoja na bwana mwenye ardhi, Watkin Williams-Wynn. Mwaka 1782 kasisi William Gilpin alichapisha maelezo ya safari yake ya mto Wye, na baada yake wasafiri wakawa wanakodi mashua kutoka Ross hadi Chepstow wakiwa na daftari za kuchorea magotini. Mchoraji Turner alipita Wales mara kadhaa katika miaka ya 1790, akiwa bado kijana anayejifunza. Mchoraji mwingine, David Cox, alirudi Betws-y-Coed, kaskazini mwa Wales, mwaka baada ya mwaka tangu miaka ya 1840. Kwa hiyo mchoraji aliyeketi kando ya mto wa Wales mwaka 1941 aliketi mahali ambapo ufundi wake mwenyewe ulikuwa umekulia.

Sababu ya tatu ni ya maoni, nami nakubaliana nayo. Kamera hunasa kila kitu kilicho mbele yake kwa usawa. Mchoraji hulazimika kuchagua: akiacha mti huu na kuchora ule, akikaza mstari wa daraja na kuulegeza mstari wa kilima, anatuambia ni kitu gani kilimshika moyo. Watu wa mradi huo walitaka kumbukumbu yenye macho ya mtu ndani yake. Tena, picha za kamera wakati ule zilikuwa karibu zote za rangi nyeusi na nyeupe, na mto wa Wales usio na rangi umepoteza nusu ya habari yake: kahawia ya maji yaliyopita kwenye ardhi ya mboji, kijani kibichi cha malisho yaliyolowa, na buluu ya mawe ya mlimani baada ya mvua.

Mito ya Wales ilikuwa hatarini kwa namna gani hasa? Mabomu hayakupigwa mijini?

Mabomu yaliangukia zaidi miji na bandari, na Swansea na Cardiff ziliumia vibaya. Lakini anayedhani kwamba mabonde ya mashambani yaliachwa salama hajasikia habari ya Mynydd Epynt. Huo ni uwanda wa juu katika kaunti ya zamani ya Brecon, wenye vijito vinavyoshuka kuelekea mito ya Wye na Usk. Mwaka 1940 Wizara ya Vita iliuchukua, takriban ekari 30,000, uwe uwanja wa mazoezi ya mizinga. Nyumba 54 zilihamwa, watu zaidi ya 200 wakaondoka kufikia katikati ya mwaka, na jamii ya wafugaji waliozungumza Kiwelisi ikatawanyika. Baadhi yao waliamini kwamba wangerudi vita vikiisha. Hawakurudi, na uwanja huo ni wa jeshi mpaka leo. Kwa bonde kama hilo, picha iliyochorwa mwaka 1939 ingekuwa na thamani isiyopimika.

Hatari nyingine haikuletwa na vita, bali na kiu ya miji ya England. Katika miaka ya 1880 kijiji cha Llanwddyn kilizamishwa ili ziwa la Vyrnwy liipatie Liverpool maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 bonde la Elan likajazwa kwa ajili ya Birmingham. Kwa hiyo Mwelisi aliyemwona mgeni akipima bonde kwa macho, awe na brashi au na vyombo vya upimaji, alikuwa na sababu nzuri ya kumuuliza ametumwa na nani. Vita navyo vilikuja kugusa bonde la Elan kwa njia ya ajabu: mwezi Julai 1942 bwawa dogo la Nant-y-Gro, lililokuwa limejengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mabwawa makubwa, lilibomolewa kwa baruti katika majaribio ya mhandisi Barnes Wallis, na matokeo yake yakatumika kutayarisha shambulio la mwezi Mei 1943 dhidi ya mabwawa ya Ruhr nchini Ujerumani. Kijito kidogo cha Wales ndicho kilichofunza jinsi ya kuvunja mabwawa makubwa ya adui.

Tuongeze mabadiliko ya kila siku. Kamati za kilimo za kaunti ziliamuru malisho ya karne nyingi yalimwe yatoe nafaka na viazi. Miti ilikatwa kwa wingi, kwa kuwa mbao kutoka ng'ambo hazikufika kama zamani. Katika picha ya mto ya miaka hiyo, kipande kimoja cha udongo mwekundu uliolimwa katikati ya kijani kinaweza kuwa ndiyo habari kubwa ya vita iliyomo, nami humshauri mtazamaji akitafute kabla ya kutazama jambo lingine lolote.

Je, mchoraji aliruhusiwa kuketi mahali popote akachora?

Hakuruhusiwa. Sheria za wakati wa vita zilikataza kupiga picha au kuchora vitu vingi vyenye uhusiano na ulinzi, na madaraja na reli ni vitu ambavyo polisi hawakupenda kuona mgeni akiviangalia kwa muda mrefu. Mchoraji alitembea na kibali, na bado alitarajia kuulizwa maswali. Mwaka 1940 vibao vya kuelekeza njia viling'olewa ili adui akishuka apotee, na aliyepotea kwanza akawa mchoraji mwenyewe, katika barabara nyembamba zenye kuta za mawe pande zote mbili.

Kulikuwa na neema moja ndogo. Tangu mwaka 1941 saa za kiangazi zilisogezwa mbele kwa saa mbili kamili, hivyo jua la mwezi Juni lilizama karibu saa tano usiku. Mtu aliyekuwa na kazi nyingine mchana aliweza kufika mtoni baada ya chakula cha jioni na bado akapata mwanga mrefu wa pembeni, ule unaochora kila jiwe.

Nani alichora Wales?

Jina ningependa lijulikane zaidi ni la Mildred Eldridge. Alizaliwa mwaka 1909, akasoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London, akafundisha katika eneo la mpaka wa England na Wales, na akachangia picha katika mradi huu. Mwaka 1940 aliolewa na kasisi kijana, R. S. Thomas, ambaye baadaye alijulikana kama mshairi, na mwaka 1942 wakahamia Manafon, katika nyumba ya kasisi iliyo kando ya mto Rhiw, unaomwaga maji yake katika Severn. Kwa hiyo mto kwake haukuwa mandhari ya siku moja. Aliuishi. Kazi zake zina umakini wa mtu anayejua jina la kila jani, na naona ni jambo la kusikitisha kwamba kwa muda mrefu alitajwa kama mke wa mtu fulani kabla ya kutajwa kama mchoraji.

John Piper naye alichora kwa ajili ya mradi, na Wales ilimvuta sana. Mwaka 1943, katika kazi nyingine ya kamati ya vita, alitumwa kwenye machimbo ya mawe ya Manod, juu ya Blaenau Ffestiniog. Humo mlimani ndimo picha za National Gallery zilimokuwa zimefichwa tangu mwaka 1941. Barabara iliyo chini ya daraja la reli ililazimika kuchimbwa ishuke ili picha kubwa ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, kazi ya Van Dyck, ipite. Haya yanahusiana na mito yetu moja kwa moja. Kuta zilizobaki tupu mjini London ndizo zilizotundikwa michoro ya Recording Britain, kabla haijazungushwa katika miji mingine, kwa hiyo watu wa London waliokosa kazi za wachoraji mashuhuri wa kale waliangalia mabonde ya nchi yao wenyewe.

Mbona watu hawaonekani katika picha hizi?

Mara nyingi hawaonekani, au ni mabaka mawili ya rangi karibu na lango. Hili ni kasoro ya kweli, nami sitaitetea. Mradi ulipenda makanisa, madaraja, mashamba na nyumba za zamani kuliko watu waliozitumia, ulipenda mashamba kuliko migodi, na wengi wa wachoraji walikuwa wageni wasiojua Kiwelisi. Bonde ambalo lilikuwa na shule, kanisa la Jumapili lenye kwaya na watoto waliohamishwa kutoka Liverpool linaweza kuonekana katika picha kana kwamba limekaliwa na kondoo peke yao. Anayetaka kuijua Wales ya vita hawezi kutosheka na michoro hii. Hata hivyo, moshi katika bomba la nyumba, kivuko kilichochakaa kwa nyayo na ukuta uliokarabatiwa juzi ni alama za watu, na mchoraji mwangalifu aliziweka.

Majina yaliyo chini ya picha yana maana gani?

Kujua maneno machache ya Kiwelisi kunamfungulia mtazamaji nusu ya picha. *Afon* ni mto, *nant* ni kijito, *cwm* ni bonde, *pont* ni daraja, *rhyd* ni kivuko cha miguu, *aber* ni mahali mto unapoishia, na *llan* ni kanisa pamoja na kiwanja chake. Mto Wye kwa Kiwelisi ni Gwy, Severn ni Hafren, Dee ni Dyfrdwy, na Usk ni Wysg. Tahadhari moja kuhusu kaunti: picha za wakati ule zinataja Merioneth, Montgomery, Radnor, Cardigan na Denbigh, na mpangilio huo ulibadilishwa mwaka 1974, kwa hiyo mtu anayetafuta kwenye ramani ya sasa asishangae akikosa jina.

Nianze kuangalia wapi, kiufundi?

Anza na weupe. Katika rangi za maji za jadi hakuna rangi nyeupe inayopakwa. Mwanga juu ya maji ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na mchoraji alipaswa kuamua mahali pake kabla ya kulowesha brashi. Ukiona weupe mzito unaofunika, basi ametumia rangi nzito isiyopitisha mwanga, jambo ambalo si kosa lakini ni uamuzi wa aina nyingine.

Kisha tazama kingo. Mlima wa mbali huwa umepakwa karatasi ikiwa bado mbichi, rangi ikasambaa yenyewe. Daraja huwa limepakwa karatasi ikiwa kavu, mstari ukakaa wima. Wales ina mvua nyingi na hewa yenye unyevu, na karatasi hukataa kukauka. Mchoraji asiye na subira hupaka safu ya pili mapema mno, na rangi huchanua pembeni kama ua. Maua hayo ya bahati mbaya hupatikana katika picha nyingi zilizochorwa nje, na mimi huyapenda, kwa sababu yanatuambia hali ya hewa ya siku ile kwa uhakika kuliko maelezo yoyote.

Mwisho tazama maji yenyewe. Mto unaokwenda haraka huchorwa kwa alama chache, na kadiri mchoraji anavyojua kazi yake ndivyo alama zinavyopungua.

Picha hizi ziko wapi, na kwa nini hazitundikwi ukutani daima?

Mwaka 1949 Pilgrim Trust ilikabidhi mkusanyiko mzima kwa Makumbusho ya Victoria and Albert mjini London, na ndiyo maana namba za picha hizo huanza na herufi E na kuishia na 1949. Hazitundikwi daima kwa sababu mwanga huziua. Rangi nyekundu za mimea na baadhi ya njano huanza kufifia kwanza. Anga iliyokuwa ya zambarau hubaki ya kijivu, na kijani kilichochanganywa kwa njano dhaifu hugeuka buluu. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa Uingereza mwaka 1888 ulikwisha kuthibitisha hilo. Siku hizi michoro ya aina hii huangazwa kwa mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache, kisha hurudishwa gizani kupumzika.

Nina picha ya zamani ya mto wa Wales nyumbani. Je, inaweza kuwa ya mradi huu?

Haielekei, kwa kuwa mkusanyiko ulikabidhiwa ukiwa mmoja. Inaweza kuwa kazi ya mchoraji yuleyule, au rasimu aliyobaki nayo. Igeuze usome nyuma yake, usiisafishe wala kuigundisha, na uitoe mahali jua linapopiga.

Je, wapo wengine waliochora kando ya mito hiyo miaka ileile?

Wapo, na walio karibu zaidi na moyo wangu hawakutumwa na kamati yoyote. Huko Henllan, karibu na mto Teifi, kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita wa Kiitalia. Waligeuza kibanda kimoja kuwa kanisa, na Mario Ferlito akapamba dari na ukuta wa madhabahu kwa rangi walizojitengenezea wenyewe kutokana na vyakula na mimea. Kanisa hilo bado lipo.

Nikisimama leo mahali palipochorwa, nitaona kile kile?

Katika mabonde mengi utaona kitu kinachofanana sana. Daraja la mawe husimama, umbo la kilima halibadiliki, na nyumba ya shamba huenda imepakwa rangi nyingine. Mto wenyewe ndio utakaokudanganya: hula ukingo mmoja na kujenga mwingine, hivyo kisiwa cha kokoto kilichochorwa mwaka 1942 huenda kiko mita nyingi chini, au hakipo. Misonobari ya biashara iliyopandwa baada ya vita imefunika miteremko mingi iliyokuwa wazi. Na katika bonde la Tryweryn hutaona chochote, kwa kuwa Bunge lilipitisha sheria mwaka 1957, na kufikia mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn kilikuwa chini ya maji yanayokwenda Liverpool. Kwa mahali pengine, beba nakala ya picha na ramani ya zamani, nenda asubuhi ikiwa vivuli vya mchoraji vinaelekea magharibi, na anza kwa kulitafuta daraja, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka matao yake yalingane na yale ya kwenye karatasi.